Springi Laini, Barabara Ngumu

"Dada, hii gari yako ni laini mno. Inalala kwenye kona kama jahazi. Tukiinyanyua na kuikaza kidogo, mwenyewe utaona inavyotulia."

Fundi mmoja wa Arusha aliniambia hivyo miaka michache iliyopita, baada ya kulizungusha gari langu mtaa mmoja tu. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, lililotumika, la chini. Kazi yangu ya kutafuta habari ilikuwa inanipeleka vijijini mara kwa mara, na kila nikirudi nilikuwa nimekwaruza kitu huko chini. Basi nikakubali. Akapachika vipande vya mpira katikati ya mizunguko ya springi, zile wanazoita spesa, mbele na nyuma. Akafunga na shokapu mpya ngumu, ambazo alizisifia kwamba ni za "kispoti". Gari likanyanyuka. Kwenye lami likatulia kweli, kona za Njiro nikazikata kama niko kwenye filamu. Nikamlipa na kumshukuru juu.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye barabara ya vumbi kati ya Karatu na Mbulu. Ni rafurodi ya kawaida, ile iliyochongwa na malori ikawa na mistari mistari kama bati la migongo. Kwenye kona ambayo hata si kona ya kuogopesha, nyuma ya gari ikaanza kutembea peke yake. Nikageuza usukani, gari halikusikia. Nikakanyaga breki, gari likaendelea na safari zake kana kwamba breki ni pambo. Nilikuja kusimama ndani ya mtaro, mzima, vumbi likiniingia mdomoni kwa sababu mdomo ulikuwa wazi.

Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli alikuja kunisaidia. Kabla ya kuita vijana wa kusukuma, aliinama akachungulia chini ya gari, akabonyeza bodi kwa mikono miwili. Halikubonyea.

"Mwanangu," akasema, "gari hii mmeifunga pumzi."

Kisha akaniambia kwamba enzi zao, Pasaka ikifika, watoto walikuwa wanakaa kando ya barabara za huku kusubiri Safari ipite. "Zile Peugeot zilikuwa zinainama mpaka unasema sasa zimelala, halafu zinainuka zinakwenda zao. Hazikurukaruka kama hii yako."

Nimeifikiria kauli ile kwa muda mrefu. Historia ya mbio za magari Afrika Mashariki huwa tunaisimulia kama orodha ya washindi: mwaka, jina, gari. Lakini yule mzee hakunitajia mshindi hata mmoja. Alikumbuka jinsi gari lilivyoinama. Nikaanza kusoma habari za Safari upya, safari hii kutokea kule chini, kwenye springi na shokapu, na nikakuta kwamba orodha ile ile ya washindi inasema jambo jingine kabisa.

Kwanza niwaeleze kidogo mambo ya gereji, nitakwenda haraka. Springi hubeba uzito wa gari na kumeza tuta. Lakini springi peke yake haina adabu. Ukishaibonyeza itadunda juu na chini mpaka ichoke yenyewe. Kazi ya shokapu ni kuituliza. Ndani yake kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na ule msuguano hugeuza mdundo kuwa joto. Ndiyo maana ukishika shokapu baada ya mwendo mrefu wa rafurodi, utaungua. Mafuta yakipata joto sana yakachanganyika na hewa hutoa povu, na povu halizuii kitu. Dereva anabaki na gari linalodunda kama mpira. Wahandisi walipata dawa kwa kutia gesi yenye mgandamizo ndani ya shokapu ili mafuta yasitoe povu, na hii ndiyo sababu shokapu za gesi zilipendwa sana na watu wa rali.

Sasa, tunaposema gari "limeshika barabara", tunamaanisha nini hasa? Tunamaanisha tairi liko chini. Hakuna siri nyingine. Usukani, breki, nguvu ya injini, vyote hivyo hufika ardhini kupitia viraka vinne vya mpira, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja. Tairi likiwa hewani, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, dereva hana gari. Kwenye lami iliyonyooka, springi ngumu na bodi iliyoshushwa husaidia, kwa sababu gari haliyumbi na uzito hauhami kwa fujo kutoka upande hadi upande. Kwenye migongo ya bati, springi ngumu hufanya kinyume chake. Gurudumu linarushwa na mgongo wa kwanza na halipati nafasi ya kushuka kabla ya kukutana na wa pili. Linapita juu ya vilele tu. Ndicho kilichonikuta mimi. Na vile vipande vya mpira vilizidisha balaa: vilifanya sehemu ya springi isifanye kazi, na kwa kuwa gari lilikuwa limeinuliwa bila shokapu kurefushwa, gurudumu lilibaki na nafasi ndogo sana ya kushuka kufuata shimo. Mzee alisema kweli. Pumzi ilikuwa imefungwa.

Turudi 1953. Mwezi Mei mwaka huo, wazungu wachache wapenda magari wa Nairobi walianzisha mbio ndefu kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Wakaziita Coronation Safari. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952, vita vya Mau Mau vikiendelea, wakoloni wakikamata watu kwa maelfu, na wakati huo huo kuna watu wanashindana kuzunguka Afrika Mashariki kwa magari ili kumpongeza malkia. Sitaki kulipita hilo kimya kimya kwa sababu eti habari hii ni ya springi. Barabara zile zilikuwa za watu wengine.

Magari yenyewe yalikuwa ya kawaida, ya dukani, na madaraja yalipangwa kwa bei ya gari, si kwa ukubwa wa injini. Ni jambo dogo lakini lina maana kubwa. Swali la mwanzo la Safari halikuwa "gari gani lina kasi?" Lilikuwa swali la mnunuzi: kwa fedha hii, gari gani litafika? Na jibu la miaka ya mwanzo liliwashangaza wengi: Volkswagen, ile kobe. Ilishinda 1953, 1954, 1957 na tena 1962. Injini ilikuwa dhaifu, lakini ilikaa nyuma juu ya magurudumu yanayosukuma, na haikuwa na rejeta ya kutobolewa na jiwe. Tumbo lake lilikuwa bapa kama sinia, na badala ya springi za mzunguko ilikuwa na fimbo za chuma zinazojisokota, zilizofichwa mahali ambapo tope halifiki. Kwenye matope ya masika ilikuwa inapita pale magari ya fahari yalipozama.

Kisha zikaja Peugeot 404. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye utamu.

Mwaka 1963 mvua ziliinyeshea Safari mpaka ikawa haijulikani kama ni mbio za magari au za mitumbwi. Magari 84 yaliondoka. Yaliyomaliza ni 7. Mshindi alikuwa Nick Nowicki, mkazi wa Kenya, ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1968 mambo yakajirudia kwa namna ambayo mwandishi wa riwaya angeogopa kuitunga: yaliondoka magari 93, yakamaliza 7, na mshindi akawa Nowicki yule yule, na 404. Katikati yake, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell. Nao walikuwa na 404. Ukihesabu, gari la familia la Kifaransa, lenye viti vya sofa, lilishinda mara nne ndani ya miaka sita.

Kwa nini? Siyo kasi. 404 ilikuwa imetengenezwa na watu waliokuwa wanafikiria barabara mbovu za vijijini kwao Ufaransa na za makoloni yao. Springi zake zilikuwa laini na ndefu. Gurudumu liliweza kupanda na kushuka sana kabla ya kugonga mwisho. Lakini shokapu zake hazikuwa laini. Watu wengi wanachanganya hapa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ulaini wa springi na ulegevu wa shokapu ni vitu viwili tofauti. Springi laini yenye shokapu imara hufuata ardhi kwa utulivu. Springi ngumu yenye shokapu ngumu hupigana nayo. Gari linaloinama kwenye kona linaweza kuwa linashika barabara kuliko lile lililosimama wima. Kwa macho ya mtu aliyekaa kando ya barabara, la kwanza "linalala". Kwa tairi, liko chini.

Wenyeji waliyajua hayo si kwa kusoma. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia kwenye gereji, na kabla ya kuwa "Singasinga Anayeruka" alikuwa fundi wa kawaida. Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ilileta magari yake ya PV544 kutoka Sweden, yakashindwa. Moja likabaki huku. Joginder na ndugu yake Jaswant wakalichukua lile gari lililoshindwa, wakalifumua na kulijenga upya wenyewe, na Pasaka ya 1965 wakaondoka nalo wakiwa namba moja kwenye mstari na kurudi namba moja. Gari lile lile na barabara zile zile. Kilichobadilika ni mikono iliyolifunga.

Ningependa sana kusoma daftari la gereji yao la miezi ile, kama lilikuwepo. Wapenda fasihi tunalia kwa barua zilizopotea za washairi. Mimi nalilia daftari la bushi na shokapu. Na ningependa zaidi kujua majina ya vijana waliolala chini ya magari yale usiku. Kwenye picha za zamani utawaona pembeni, wakiwa wameshika spana au ndoo ya maji, Waafrika karibu wote. Maelezo chini ya picha yanamtaja dereva, msaidizi wake, na aina ya gari.

Kwa miaka karibu 20 ilikuwa hivyo: viwanda vya Ulaya vinaleta madereva mabingwa na magari mapya, halafu mkazi wa Nairobi au Dar es Salaam anawashinda. Dereva wa kwanza kutoka nje kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, na Ford Escort. Na hata huyo hakuja mikono mitupu. Miaka miwili kabla, yeye na mwenzake Gunnar Palm walikuwa wameshinda mbio za kutoka London hadi Mexico kwa Escort, maelfu ya kilomita za mawe na vumbi. Ford walikuwa wameshajifunza kuimarisha bodi na saspensheni kwa safari ndefu. Walikuja Afrika Mashariki wakiwa wameshasoma darasa la kwanza.

Mwaka uliofuata alishinda Shekhar Mehta, na Datsun 240Z. Huyu alizaliwa Uganda mwaka 1945. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, Mehta akahamia Kenya, na Pasaka iliyofuata akachukua Safari kwa tofauti ambayo kwa kweli haikuwa tofauti: alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden, mwenye Datsun pia, na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikaa muda mrefu zaidi bila kuadhibiwa. Mtu aliyepoteza nchi kwa amri ya redioni alishinda kwa sababu alichelewa kukosea. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun ndogo ya pembe pembe ambayo nyuma ilikuwa na ekseli moja ngumu, teknolojia ya babu zetu. Rekodi yake ya ushindi mara tano katika Safari ndiyo ya juu kuliko zote.

Hiyo ekseli ngumu ilinishangaza. Vitabu vyote vya magari vinasema saspensheni huru, yaani kila gurudumu na mambo yake, ndiyo bora. Na kwa maabara ni kweli. Lakini mwaka 1974 Joginder alishinda na Mitsubishi Lancer ambayo nyuma ilikuwa na springi za vyuma bapa vilivyolaliana, kama za pickup au mkokoteni. Nyuma yake, wa pili, alikuwa Björn Waldegård na Porsche 911. Wajerumani walirudi 1978 na 911 mbili zilizonyanyuliwa mpaka tumbo likawa kama sentimita 28 kutoka ardhini, zimekingwa kwa vyuma mbele na chini, zimepakwa rangi za Martini. Picha zake bado zinauzwa, na ukiniuliza mimi ni gari zuri kuliko yote yaliyowahi kukanyaga vumbi la Kenya. Zikamaliza ya pili na ya nne. Mshindi alikuwa Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa, na Peugeot 504. Porsche haijawahi kushinda Safari.

Lancia nao walihangaika vivyo hivyo. Stratos, gari lililotengenezwa kwa ajili ya rali tu, lilitawala Ulaya na kuchukua ubingwa wa dunia mara tatu. Huku lilipata nafasi ya pili na ya tatu mwaka 1975 na halikupata zaidi. Lancia walishinda kwa mara ya kwanza 1988. Na zile za miaka ya katikati ya 1980, mashine za kutisha za Kundi B, Peugeot 205 yenye injini katikati, Lancia 037, Delta S4, Audi Quattro ya awali? Hakuna hata moja iliyoshinda Safari. Mwaka 1984, 1985 na 1986 ilishinda Toyota Celica, gari linalosukuma kwa magurudumu ya nyuma tu, lenye ekseli ngumu nyuma. Mabingwa wa dunia walikuwa wanapita kwa kasi ya ajabu, halafu kitu kinavunjika. Celica ilikuwa inafika.

Siyo kwamba ekseli ngumu ni bora. Ingekuwa upuuzi kusema hivyo, na magari yaliyoshinda baadaye yote yalikuwa na saspensheni huru. Ninachokisema ni kwamba Safari ilikuwa inapima kitu ambacho kiwanda hakikipimi. Nyumbani, mhandisi anauliza: nitapata sekunde ngapi kwenye kona hii? Safari iliuliza: ukipita kona hii ukiwa umechoka, usiku wa tatu, shokapu zimechemka, bushi moja imekatika, na fundi wako ana dakika chache kando ya barabara na tochi mdomoni, bado utakuwa na gari? Kifaa chenye vipande vichache hujibu swali la pili vizuri zaidi, kwa sababu kipo kidogo cha kuvunjika na kinachovunjika kinabadilika haraka.

Kwa upande wetu wa mpaka hadithi iliishia mapema. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mbio zilikuwa za Kenya peke yake. Uganda ilikuwa kwa Amin. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Watoto wa Mbulu na Usambara wakabaki na Pasaka ya kanisani tu. Nadhani ndiyo maana mzee wangu alikumbuka Peugeot na si Lancia wala Toyota. Kumbukumbu yake ilisimama pale gari la mwisho lilipopita.

Mwaka 2002 Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia. Ilirudi Juni 2021, ikiwa imefupishwa, ikikimbiwa katika mashamba na hifadhi za Naivasha, barabara zimefungwa, hakuna tena mabasi wala ng'ombe wa kukwepa. Nilifikiri, basi, yameisha yale ya zamani. Jumapili asubuhi Thierry Neuville wa Ubelgiji alikuwa anaongoza kwa karibu dakika nzima, ndani ya Hyundai ya kisasa kuliko unavyoweza kufikiria. Katika mbio ndogo ya kwanza ya siku hiyo, shokapu ya nyuma kulia ikavunjika. Akasimama. Sébastien Ogier akashinda na Toyota. Nilikuwa naangalia kwenye simu, na nikajikuta nacheka peke yangu, siyo kwa kumcheka yule bwana, maskini, bali kwa sababu baada ya miaka 19 ya kusubiri, barabara ilikuwa imeuliza lile lile.

Na huku mjini? Zunguka Dar, Arusha au Nairobi utaona vijana wameshusha magari yao mpaka karatasi haipiti, springi zimekatwa kwa grainda, kwa sababu ndivyo yalivyo kwenye michezo ya kompyuta na video za Japani. Wengine, kama mimi, wamenyanyua kwa mipira. Wote tunatafuta gari "litulie", na wote tunanunua utulivu uliopimwa kwenye barabara ya mtu mwingine. Siwalaumu mafundi. Mteja anaingia anataka gari liwe gumu na juu, leo hii, kwa bei ndogo, na fundi naye ana familia. Hata matajiri hawajapona: mwaka 2022 Porsche walitoa 911 iitwayo Dakar, imenyanyuliwa milimita 50 kuliko 911 ya kawaida yenye saspensheni ya kispoti, yametengenezwa 2,500 tu, na yaligombaniwa. Ni kile kile walichokifanya 1978 kwa ajili ya Kenya, sasa kinauzwa kwa watu ambao wengi wao hawatapita hata kwenye kokoto.

Nilirudi Arusha taratibu siku ile, kilomita 40 kwa saa. Sikwenda kwa fundi yule yule; nilikwenda kwa mzee mmoja wa gereji ya uchochoroni ambaye nilielekezwa na dereva wa watalii. Madereva wa watalii wanajua, kwa sababu wao wanalala njaa gari likivunjika. Hakuniuliza nataka gari liwe gumu au laini. Aliniuliza, "Unakwenda wapi na wapi, na unabeba nini?" Nikamwambia. Akaandika kwenye kiganja kwa kalamu ya wino.

Alitoa ile mipira. Akafunga springi za gari jingine la familia ile ile, ndefu kidogo, si ngumu zaidi, na shokapu ndefu za kulingana nazo, ili gurudumu lipate nafasi ya kushuka. Bushi zote za chini akabadilisha. Mlinganyo wa magurudumu ukapimwa upya, maana alisema ukinyanyua bila kupima, tairi zitalika upande mmoja na usukani utakuwa unavuta. Gari lilipanda sentimita tatu hivi, pungufu ya lile la mipira. Akalibonyeza kwa mikono miwili, kama yule mzee wa Mbulu. Likashuka, likapanda mara moja, likasimama.

Kwenye kona za Njiro sasa linalala tena. Abiria wangu wanashika mlango. Nimepita barabara ya Mbulu mara nyingi tangu siku ile, na kwenye ile kona huwa napunguza mwendo ingawa gari halinidai. Ile mipira minne fundi aliiweka kwenye boksi la kadibodi pamoja na mingine mingi ya namna hiyo. Akaniuliza kama nataka kuondoka nayo. Nikamwachia.